Saa Iulizwe Kabla ya Kufunguliwa

Hotuba iliyotolewa Mwanga, Kigoma, mbele ya mafundi saa, wanagenzi wao na wateja waliokaribishwa kusikiliza

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi wenzangu wa Mwanga na Ujiji, ninyi mliopanda kutoka Kibirizi asubuhi hii, vijana wanagenzi, pamoja nanyi wateja mliokubali leo kukaa upande wetu wa meza, nawasalimu nyote kwa heshima na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kupimia saa, nami nitazungumzia hivyo tu. Sitagusa kodi ya vibanda wala bei ya vipuri, ingawa naona nyuso za watu waliokuja wakitarajia hayo. Neno langu ni moja: mtu anapoiweka saa yake mezani na kusema kwamba imekufa, au inachelewa, au inakimbia, fundi hana haki ya kushika bisibisi kabla hajaipima, na akishaipima hana haki ya kumficha mwenye saa namba aliyoipata.

Mimi nilifundishwa kazi hii kwa sikio. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, aliiweka saa sikioni, akafumba jicho moja, na kabla hujamaliza kumweleza shida yako alikuwa amekwisha kujua kama ni uchafu, au kamani, ile springi inayoiendesha saa, iliyochoka, au ncha ya ekseli iliyopinda. Sikio lile lilikuwa la kweli, lakini halikuweza kurithiwa. Alipofariki alikwenda nalo, na sisi wanafunzi wake tukabaki na meza, kibano na tabia ya kufungua kwanza na kufikiri baadaye.

Kwa tabia hiyo niliiua saa ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ilikuwa saa ya betri, imesimama. Nikaifungua, nikaweka betri mpya, haikutembea. Basi nikaamini kwamba koili, ule uzi wa waya uliozungushwa unaopitisha umeme wa kusukuma mishale, ina kutu, nikaanza kuichokonoa kwa ncha ya bisibisi, na ule uzi wake, ambao ni mwembamba kuliko unywele, ukakatika mbele ya macho yangu. Siku mbili baadaye niliichukua betri ileile nikaiweka katika saa nyingine niliyojua kuwa ni nzima, nayo ikagoma. Betri yangu mpya ndiyo iliyokuwa maiti, kwa kukaa kwenye kadi miaka nisiyoijua. Saa ya mwalimu haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya njaa, mpaka nilipoitia mkono. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na kila nilipompelekea fedha alinipokea kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

Kifaa ambacho kingeniokoa ni multimita, kipimo kidogo cha umeme, ambayo bei yake haipishani sana na kilo ya dagaa wakavu wa hapa kwetu, kwa hiyo naomba tusikilizane vizuri juu yake. Betri ya saa ya oksidi ya fedha ikiwa nzima husoma karibu 1.55 volti, ya alkali 1.5, na ya lithiamu 3.0. Betri nyingi ndogo tunazonunua kwa kadi zina alama ya AG4, ambalo ni jina jingine la LR626, na hizo ni za alkali. Nguvu yake hushuka polepole tangu siku ya kwanza. Mwenzake, SR626SW, ana umbo lilelile la milimita 6.8 kwa 2.6, lakini ni wa oksidi ya fedha, naye hushikilia 1.55 karibu maisha yake yote kisha huanguka ghafla. Kwa sababu ya kuanguka huko ghafla, kuipima betri ikiwa haina mzigo, yaani haiendeshi kitu, kunaweza kukudanganya: inasoma vizuri ikiwa imepumzika, na inazama mara tu inapodaiwa kazi. Ipimeni ikiwa na mzigo mdogo, au tumieni kipima betri ambacho kina mzigo huo ndani yake.

Koili nayo hupimwa kwa multimita hiyohiyo, upande wa omu, unaopima jinsi waya unavyozuia umeme, betri ikiwa imetolewa. Saa nyingi za mkono zitakupa kilo-omu moja au mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, uzi umekatika, na hapo huna haja ya kuchokonoa kitu. Gusa vituo viwili vya koili kwa wepesi, usiuguse uzi wenyewe. Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyelipia somo.

Kisha kuna kipimo ambacho wengi wetu hatukifanyi, nacho ni cha mkondo wa umeme ambao saa inautumia. Saa ya mshale iliyo na afya hutumia maikroampia moja au mbili tu, yaani sehemu moja au mbili za milioni za ampia, na ndiyo sababu kidonge kidogo kama kile huilisha miaka miwili au mitatu. Mteja anayerudi kila baada ya miezi minne kulalamika kwamba betri zako ni mbovu huenda anasema kweli, lakini huenda pia saa yake inakula maikroampia kumi kwa sababu mafuta yameganda katika magurudumu au unyevu umepita kwenye saketi. Bila kupima, wewe utabadilisha betri, yeye atakuita tapeli, na nyote wawili mtakuwa hamjui mnachogombania. Mwenye mashine inayoweza kutoa umeme kwa kiwango anachotaka afanye jaribio moja zaidi: ashushe volti pole pole kutoka 1.55. Saa safi huendelea kutembea hata ikifika karibu 1.3, saa chafu husimama mapema, nayo imekwishajieleza.

Tungali katika saa za betri, naomba niwaonyeshe jambo ambalo mimi binafsi naliona la ajabu hata leo. Ndani ya saa hizo mna kipande cha kioo cha kwazi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na saketi huigawa namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano mpaka libaki pigo moja kwa sekunde. Pigo hilo linapopita kwenye koili hutoa msukumo mdogo wa sumaku unaopenya hata mfuniko wa nyuma, na kipima saa za kwazi huudaka huku saa ikiwa imefungwa kabisa. Sasa fikirini maana yake mezani. Mshale haujongei, lakini mashine inasikia pigo: basi betri, kioo cha kwazi na koili ni vizima, na tatizo liko kwenye magurudumu au kwenye mshale uliokwama juu ya uso wa saa. Mashine haisikii chochote: basi turudi kwenye umeme. Umeigawa saa nusu kwa nusu bila kulegeza hata skrubu moja.

Tahadhari ni kwamba mashine hiyo iachwe isikilize kwa sekunde 60, si mbili wala tano. Saa nyingi za kwazi hutengenezwa zikiwa na mwendo wa haraka kidogo kwa makusudi, halafu saketi yenyewe hudondosha mapigo machache kila baada ya sekunde 10 au 60 ili kusawazisha hesabu. Ukipima kwa muda mfupi utaona saa inakimbia, utaanza kutafuta ugonjwa, na ugonjwa haupo. Tena, mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili au nne nne kwa mkupuo, mwambieni mteja asiwe na hofu. Katika saa nyingi ndiyo namna iliyowekwa ya kuomba betri.

Nije kwenye mashine ambayo vijana wameiulizia tangu tulipoingia, taimugrafu. Hii ni ya saa za kutia ufunguo na zile zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Ina kishikio chenye kipaza sauti. Saa inashikwa hapo, mashine inasikiliza tik na tak, na kwenye kioo chake inachora kila pigo kama nukta. Saa za zamani nyingi hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mapigo matano kwa sekunde. Nyingine 21,600, na nyingi za kisasa 28,800, ambayo ni mapigo manane kwa sekunde. Mashine ikishaijua kasi hiyo inalinganisha na hesabu yake ya ndani, kisha inakupa namba tatu, na wengi wetu tunaisoma ya kwanza tu.

Namba ya kwanza ni sekunde ambazo saa inapata au inapoteza kwa siku. Hiyo ndiyo mteja anayoitaka, na ndiyo inayodanganya kwa urahisi zaidi, kwa sababu saa mbovu inaweza kusoma sifuri ikiwa imelala chali na kupoteza dakika nzima ikisimama wima. Kwa hiyo tuipime ikiwa imetazama juu, ikiwa imetazama chini, na kitufe chake cha ufunguo kikiwa juu, chini na kushoto. Kule Uswisi, taasisi inayotoa vyeti vya usahihi, COSC, huipima kila mashine ya saa kwa siku 15, katika mikao mitano na joto la aina tatu, digrii 8, 23 na 38, na wastani wa mwendo wake kwa siku hautakiwi kutoka nje ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6. Mimi siwaombi mumwahidi mvuvi wa Kalalangabo usahihi huo. Nawaomba tu mikao mitano, ambayo haizidi dakika kumi za kazi.

Namba ya pili ni upana wa bembea, yaani gurudumu la balansi, lile linalobembea huku na huku kuongoza mwendo wa saa, linazunguka digrii ngapi kwenda upande mmoja kabla ya kurudi. Hapa ndipo afya ya saa ilipo. Saa iliyojazwa ufunguo wote, imelala, inapaswa kuonyesha kati ya digrii 270 na 310 hivi. Ikisimamishwa wima itapungua, na kupungua kwa digrii ishirini hadi arobaini ni kwa kawaida. Ikisoma 200 ilhali imejaa, mafuta yamekauka au kamani imechoka, na hakuna kurekebisha mwendo kutakakoiponya. Inadai kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta upya. Ikipita 330, bembea ni pana mno, balansi inaanza kujigonga, na saa inakimbia kwa namna isiyoeleweka. Ikiwa uso juu inasoma 290 na uso chini 240, nendeni moja kwa moja kwenye ncha za ekseli ya balansi, kwa maana moja imeumia.

Lakini mashine haina macho, nayo bembea haiioni. Inaikadiria kutokana na muda unaopita kati ya sauti ya kwanza na ya mwisho ndani ya pigo moja, na ili hesabu hiyo iwe sahihi lazima iambiwe ni digrii ngapi balansi hupita ikiwa inagusana na uma unaoisukuma. Mashine huja zikiwa zimewekwa digrii 52, kwa sababu saa nyingi ziko karibu na hapo. Zipo za 49, zipo za 53. Ukiipima saa ya 49 kwa 52 utasomewa bembea kubwa kuliko iliyopo, na utamrudishia mtu saa iliyochoka ukimwambia ni nzima.

Namba ya tatu hupimwa kwa milisekunde, nami huiita kuchechemea. Sikilizeni saa inayosema tik, tak, tik, tak kwa nafasi zilizo sawa, halafu msikilize inayosema tik-tak, kimya, tik-tak, kimya. Ya pili inachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Kwenye kioo cha mashine utaona mistari miwili iliyoachana badala ya mmoja. Chini ya nusu milisekunde ni vizuri sana, na chini ya moja huvumilika.

Mistari yenyewe nayo ina lugha. Mstari ukipanda, saa inawahi, ukishuka, inachelewa, ukienda kwa mawimbi yanayojirudia, kuna gurudumu lenye jino baya au ekseli iliyopinda, na mawimbi huja kila gurudumu hilo linapomaliza mzunguko. Nukta zikitawanyika kila mahali kama manyunyu ya mvua juu ya vumbi, saa ni chafu au dhaifu kiasi kwamba mashine haipati pigo la kushika. Programu za simu zinafanya kazi hii pia, na kwa kijana anayeanza ni bora kuliko kubahatisha, lakini kibandani Mwanga, simu husikia bodaboda, redio ya jirani na mwuza maji kabla haijasikia saa.

Kuhusu sumaku nitasema kifupi. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ile reli yetu iliyofika Kigoma mwaka 1914, aliniletea saa ya marehemu baba yake iliyokuwa ikikimbia karibu dakika ishirini kwa siku. Fundi aliyemwona kabla yangu alikuwa amemwambia anunue balansi nzima. Sikuifungua. Nilichukua dira ya kawaida, ile ya watoto wa shule, nikaisogeza saa pembeni yake, na sindano ikageuka kuifuata saa kama mbwa anavyomfuata mwenye chakula. Ile springi nyembamba ya balansi ilikuwa imeshika sumaku, mizunguko yake inanatana, na springi ikifupika hivyo saa lazima ikimbie. Nilimuuliza anailaza wapi usiku. Juu ya spika ya redio, akasema, ili aisikie na taarifa ya habari. Kitoa sumaku kiliimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na mzee alikataa kuamini kwamba nimefanya kitu mpaka nilipomwonyesha dira mara ya pili, sindano ikiwa imetulia. Sikumtoza bei ya balansi, na sidhani kama nilipaswa kumtoza hata nusu yake.

Kwetu sisi wa kando ya ziwa, hata hivyo, kipimo kinachopuuzwa kwa hasara kubwa zaidi ni cha maji. Nahodha mmoja wa boti alikuja kubadilisha betri ya saa iliyoandikwa mita 50 usoni. Nikaibadilisha, nikaufunga mfuniko, nikampa. Baada ya siku nne akarudi na ukungu ndani ya kioo, mishale imeanza kuota kutu, na alikuwa na haki ya kunikasirikia, kwa kuwa mpira wa mfuniko ulikuwa umekakamaa na mimi niliurudisha vilevile bila kuupima wala kuupaka grisi ya silikoni. Ile mita 50, katika kiwango cha kimataifa cha ISO 22810, ina maana kwamba saa ilijaribiwa kwa shinikizo la ziada la bari 5 ikiwa mpya, na mpira wake ukiwa mpya. Si ruhusa ya kuzama mita 50, wala si ahadi ya maisha. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini saa ya nahodha yule iliingia maji kwa kunawa mikono tu.

Kwa hiyo kila saa inayodai kuzuia maji, ikifunguliwa, ipimwe kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Mashine ya kavu huifungia saa ndani ya chumba kidogo, hujaza hewa, na kupima jinsi kioo na mfuniko vinavyobonyea. Saa isiyovuja hubonyea na kubaki hivyo, inayovuja hurudi taratibu kwenye umbo lake kwa sababu hewa imeingia ndani. Mashine ya maji ni ya bei nafuu zaidi na ina hatari yake. Unaining'iniza saa juu ya maji ndani ya chupa nene, unapandisha shinikizo, unangoja dakika chache, halafu unaizamisha na kuanza kulegeza shinikizo pole pole. Mapovu yakitoka mfululizo mahali pamoja, inavuja, na hapo usiendelee kulegeza hata kidogo: ipandishe saa kwanza itoke majini, kisha ndipo umalize hewa. Ukichelewa, maji yatafuata njia ileile ambayo hewa imeonyesha. Mapovu mawili matatu yaliyonata kwenye ukingo wa kioo si kitu, ni hewa iliyokuwa nje.

Asiye na mashine yoyote afanye jaribio la tone. Ipashe saa mpaka ifike digrii 40 hadi 45, mdondoshee kioo tone la maji ya mtungini, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukijitokeza upande wa ndani chini ya tone, mna unyevu, na saa haiondoki. Jaribio hili halikuambii kama saa itavuja kesho. Linakuambia kwamba imekwisha kuvuja, na kwa wateja wetu wengi hilo ndilo swali.

Jambo la mwisho ni daftari, na hapa mwanagenzi wangu atanisamehe kwa kumtaja bila jina. Nilimwachia saa nikiwa nimeandika: imewekwa saa mbili, ipimwe baada ya saa 24. Niliandika kama tunavyosema, saa mbili asubuhi, yaani mshale mfupi ukiwa kwenye nane. Yeye akasoma mbili ya usoni, akaja kuipima saa nane mchana, na matokeo yake tukaihukumu bembea ya saa iliyokwisha kutembea saa sita zaidi. Tangu siku hiyo daftari letu linaandika tarakimu zinazoonekana usoni, 08:00 au 14:00, hata kama mdomoni tunaendelea kusema kama mama zetu walivyotufundisha. Kila saa ina mstari wake: tarehe, mwendo katika mikao mitano, bembea, kuchechemea, volti, na matokeo ya maji, mara moja inapoingia na mara moja inapotoka, na mwenye saa anatia sahihi pembeni mara zote mbili. Wapo waliokataa mwanzoni wakidhani nawauzia kitu. Sasa wapo wanaokuja na karatasi ya mwaka jana mkononi.

Nimeleta taimugrafu yangu, na Mzee aliyekaa karibu na mlango amenikubalia niipime saa yake mbele yenu. Anasema inachelewa dakika tatu kwa siku, na mimi sijaifungua wala sijui ina nini. Vijana, sogeeni mezani, lakini msiiegemee. Naomba mtu azime feni, na simu zote zizimwe mlio, kwa sababu kipaza sauti hiki hakichagui cha kusikia. Mzee, iko tayari. Tunaanza uso ukiwa juu.